Jina Nililoliacha Kipini

Garissa, baada ya swala ya alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Ifrah, aabo,

Assalamu alaykum. Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini mimi siwezi kukuuliza. Uko chumba cha pili, na nasikia zipu ya begi lako ikigoma mahali pale pale ilipogoma jana. Hali yako naijua. Umenikasirikia, na kwa wiki tatu sasa maneno yako hunifikia kupitia kwa mama yako. "Hooyo, mwambie baba chai iko tayari." Nami nimekaa hatua nne kutoka kwenye chai hiyo, nasubiri niambiwe.

Maagizo sitaandika. Chandarua, dawa, namba za simu, upande wa kukaa kwenye basi ili jua lisikuchome, yote mama yako amekwisha kukupa, mengine mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu kabla hujazaliwa.

Nakuandikia Kiswahili ingawa nyumbani hatukisemi; neno aabo tu, baba, tunaloitana mimi nawe, limekataa kutafsirika. Nikizungumza juu ya ngamia, Kisomali hunijia chenyewe, hata nikiwa usingizini. Lakini mambo ya maji ya chumvi niliyajua kwa Kiswahili tu, kutoka kinywani mwa mtu mmoja, na nikijaribu kuyasema kwa lugha ya nyumbani naona kama nasimulia habari za mtu mwingine. Umesoma sawasawa. Nimesema mambo ya maji ya chumvi.

Kumbuka siku ulipopata kazi. Ulisimama mlangoni, simu mkononi, mtandio umekuangukia mabegani na hukujali. "Aabo, wamenichukua! Kipini! Nitakaa dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, niandike aina, uzito na hali ya bahari." Mimi nilikuwa nimetoka mtoni kusoma kipimo cha maji, nafuta matope miguuni. Nikakuambia, "Ukifika huko, usilitaje jina langu."

Ulisema, "Sawa, aabo." Ukafunga mlango wa chumba chako taratibu ili usitoe sauti. Afadhali ungeubamiza.

Najua ulivyoelewa, na ulikuwa na sababu. Wiki ile ile Adeer Dubow, dalali wetu wa mifugo asiyeweza kunywa chai bila kumsema mtu, alikuwa amesikia umeomba kazi hiyo, akakudhihaki mbele yangu. "Warya, huyu msichana yako naenda bwani kuandika samaki? Samaki iko na jina? Ngamia najua mama yake, najua nyanya yake. Samaki utaandika nini? Huyu ni mtoto ya maji?" Watu wote wakacheka. Nami nilicheka, Ifrah. Ulikuwa umesimama pale na birika mkononi, ukaniona nikicheka.

Halafu kulikuwa na ile sahani. Ulipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, ulikuja na samaki wawili kutoka bwawa lenu la mafunzo, umewakaanga mwenyewe, umewapanga na ndimu pembeni. Niliisukuma sahani kwa mgongo wa mkono nikasema nyumba hii haili kitu kisicho na shingo. Mama yako aliwala wote wawili peke yake siku ile, kwa ajili yako, na hapendi samaki.

Kwa hiyo niliposema usilitaje jina langu, ulihesabu moja na moja. Ukaona baba anaona haya binti yake akijulikana kuwa mtu wa samaki.

Si hivyo. Jina lililoharibika huko ni langu. Niliogopa ulitaje, mtu akutazame usoni, aone nani aliyekuzaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba yangu, awoowe wako, mmoja mmoja, hadi tukabaki na punda na aibu. Nilimwambia nakwenda Mombasa kutafuta kazi katika ghala la mjomba wa rafiki yangu. Rafiki alikuwepo, mjomba hakuwepo. Nilipanda lori la vitunguu lililofuata mto kwenda chini, likaharibika Garsen, nikapanda jingine lililokuwa likienda Kipini, kwa sababu tu lilikuwa linaondoka. Hivyo ndivyo nilivyofika baharini. Sikuwa nimepanga.

Mtu wa kwanza kunisemesha aliitwa Omari. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi, mwembamba, ana pengo la jino analolitumia kupigia mluzi. Aliniona nimechuchumaa ufukweni nikichota maji ya bahari kwa kiganja. Nilikuwa na kiu, na nilikuwa sijawahi kuona maji mengi hivyo yasiyonyweka. Nilipotema, alicheka hadi akashika magoti.

"Yakhe! Umetoka wapi wewe?"

"Garissa."

"Basi ndiyo maana. Ngamia, hapa hapana kisima. Njoo nyumbani unywe maji."

Tangu siku hiyo nikawa Ngamia. Mji mzima wa Kipini haukujua jina langu jingine. Nililala kwa Omari na mkewe, Bi Zuhura, miezi kumi na minne. Nilikula samaki siku ya kwanza kwa kuwa sikuwa na la kufanya, na siku ya tatu kwa kuwa nilikuwa nawangoja. Mkizi wa kuchoma, aabo. Tafi wa kupaka nazi. Kolekole, kichwa chake Bi Zuhura alikuwa ananiwekea mimi, akisema msomi anahitaji ubongo. Haya yote niliyala, kisha nikarudi nyumbani nikakaa miaka thelathini nikisema sili kitu kisicho na shingo.

Unajua tabia yangu ya kuandika. Imeanza zamani. Kule nilikuwa na daftari la jalada gumu, na kila siku niliandika tarehe, upepo, rangi ya maji, saa ya maji kujaa, na tulichopata. Omari hakujua kusoma na alipenda sana kuniona nikiandika. Alikuwa anawaita wenzake. "Njooni mumwone Ngamia anaiweka bahari kwenye karatasi."

Nililifungua tena juzi. Kurasa za Machi ndizo nilizoziandika vizuri zaidi, na ndizo utakazokutana nazo wewe keshokutwa, kwa hiyo nakueleza.

Machi ni wakati ambapo upepo wa kaskazi umechoka na ule wa kusi haujafika. Bahari inalala. Alfajiri unakuja umande, upepo mwembamba kutoka bara, una harufu ya matope ya mikoko na moshi wa majiko. Unatosha kukutoa ufukweni na haukufikishi mbali. Saa tatu unakufa. Hapo maji yanakuwa na joto kama ya kuogeshea mtoto, na karibu na ufuko yanang'aa hadi unaona kivuli cha mtumbwi juu ya mchanga. Tafi wanakuja kwenye majani ya chini. Mkizi wanaingia vijito vya mikoko maji yakijaa, wanatoka yakipwa. Hakuna haja ya kwenda mbali, samaki wenyewe wako karibu. Niliandika mahali fulani, "Leo bahari imekuwa na adabu." Sijui nilitaka kusema nini, lakini neno hilo nimelisoma mara mbili.

Halafu kuna mto. Unaufahamu mto huu hapa mjini tu, mwekundu, na mamba wake na pampu zake. Kule mwisho wake, unapoingia baharini, unaweza kuona mstari: huku kahawia, huku kijani, na povu katikati kama mshono. Mvua ikinyesha milimani mstari huo unasogea mbali baharini. Tafi wanaukimbia, kamba wanaupenda. Omari alikuwa anaonja maji ya pale mdomoni kwa kidole na kusema, "Hii ni mvua ya kwenu, Ngamia. Watu wako wamepata maji." Nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba nikalie, kwa kuwa awoowe wako hakuwa na ng'ombe wa kuyanywa.

Sasa nakuja kwenye neno moja.

Kila asubuhi Omari alikuwa ananiuliza, "Leo mwezi ngapi?" Nami, mtoto wa shule, nilikuwa najibu, "Mwezi wa tatu." Machi. Wote waliokuwapo walikuwa wanaanguka kicheko, na mimi nilicheka nao bila kujua kinachochekesha. Nilidhani ni Kiswahili changu, zile p zangu zinazotoka b. Yeye alikuwa anauliza mwezi wa angani, umri wake usiku huo, kwa kuwa maji huufuata ule. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na hayo huitwa bamvua. Ukiwa nusu, maji huwa mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo, hayana nguvu ya kuhamisha hata ndara. Omari alinieleza mara moja au mbili. Nikasema nimeelewa, nikaandika tarehe.

Mimi, Mwislamu, mtoto wa watu wanaopanda juu ya mapaa kutafuta mwezi wa Ramadhani! Nilijua mwezi ni wa kufunga na kufungua. Haikunijia kwamba ni ule ule.

Mwaka wangu wa pili, Machi ilipofika, Omari aliugua malaria. Siku ya nne ya homa alikuwa amelala ukumbini, macho ya njano, hajui asubuhi wala jioni. Wavu wake ulikuwa umekunjwa pembeni. Aliushona mwenyewe, jicho kwa jicho, kipindi chote cha kusi ambapo bahari haikuendeka, na mimi nilikaa karibu yake nikimshikia uzi. Wavu ule ulikuwa wa kuziba mdomo wa kijito. Unangoja maji yajae na kusimama, mkizi wameshaingia kwenye mikoko, unaufunga kwenye miti uliyoichomeka topeni upande huu na upande ule, kisha maji yakipwa samaki wanabaki nyuma yake.

Nikamwambia, "Leo nitakwenda mimi."

"Mwezi ngapi leo?" akauliza.

Nikamwonyesha daftari. "Usiwe na wasiwasi. Mwaka jana tarehe kumi na mbili Machi tulikwenda kijito cha mashariki. Maji yalijaa saa nne asubuhi, yakasimama kabisa. Tulijaza mtumbwi. Leo ni tarehe kumi na mbili."

Alilitazama daftari muda mrefu, yeye asiyejua herufi. Bi Zuhura alisimama mlangoni na bakuli la uji.

"Mwache apone, mtakwenda wote," akaniambia.

Omari akamwambia, "Mwache. Huyu amesoma." Akageukia ukuta.

Sentensi hiyo ndiyo huniamsha, aabo. Mengine yote nimeyazoea.

Nilifika kijitoni saa tatu, nimeuacha mtumbwi umefungwa kwenye mkoko. Kwa hesabu yangu maji yalipaswa kuwa karibu kujaa, yanapungua mwendo. Niliingia hadi mapajani. Maji yalikuwa yanavuta suruali yangu kuelekea baharini. Mizizi ya mikoko ilikuwa mitupu, imelowa, inametameta, na kaa walikuwa wanatoka juu ya tope. Mtoto wa Kipini wa miaka mitano angekuambia maji yanatoka, tena yanatoka kwa nguvu. Mimi nilisimama katikati ya maji yale, nikatoa daftari kifuani, nikafungua ukurasa kuhakikisha kama yanajaa.

Daftari lilisema yanajaa. Nikafunga wavu.

Upande wa kwanza ulishika. Nilipovuka na kamba ya pili, wavu ulitanuka, ukajaa mkondo kama shuka kwenye upepo, na miti ya upande wa kwanza ikang'oka yote pamoja. Niliishika kamba. Ilinipitia kiganjani hadi nikaona nyama, na nikaburutwa hadi maji yakanifika kidevuni, ndipo nikaachia. Wavu ulikwenda. Niliuona unavuka ule mstari wa povu, maboya yake madogo ya mbao yakifuatana kama mbuzi wanaorudi zizini, kisha sikuuona tena.

Kovu hili la mkono wa kulia, ulilokuwa unalipitishia kidole ulipokuwa mdogo ukiniuliza, nami nikakuambia ni kamba ya ngamia. Si ya ngamia.

Nilikaa juu ya mchanga. Kutoka pale niliona moshi wa jiko la Bi Zuhura. Ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Ningekwenda nikasema, "Omari, wavu umekwenda, nimekosea." Angetukana. Angelia labda. Halafu angenipa uzi nimshikie, tuanze jicho la kwanza. Namjua, ndivyo angefanya. Lakini nilikuwa mtu aliyesoma, na sikujua nitauingiaje mlango ule nikiwa mjinga. Niliusogeza mtumbwi mahali pa usalama, nikaufunga vizuri, mafundo mawili, kana kwamba hilo lingesaidia. Nikatembea hadi barabarani nikasimamisha lori.

Sikuaga. Alikuwa mgonjwa, na sikuaga.

Daftari lina kila siku ya miezi kumi na minne, upepo, maji na samaki. Siku hiyo lina maneno mawili: "Nimeondoka Kipini." Sikuandika hata upepo.

Nyumbani nilisema nilikuwa ghalani Mombasa. Ayeeyo wako, mama yangu, alilifua shati langu mara tatu, akalinusa, akaniuliza, "Ghala gani hili, mwanangu, linalouza bahari?" Hakuuliza tena. Awoowe wako aliniambia, "Namshukuru Mungu hukwenda kuwa mla samaki kama wengine," nami nikasema alhamdulillahi. Uongo ukishaupa alhamdulillahi ni vigumu kuutoa. Niliulinda kwa kukataa sahani. Baada ya miaka watu walinijua kwa hilo, na ukaja wewe na ndimu zako pembeni.

Nilielewa kosa langu baada ya miaka mingi. Wewe ulikuwa darasa la pili. Ilikuwa jioni ya kutafuta mwezi wa Ramadhani, ulikuwa begani kwangu juu ya paa la jirani, na ukawa wa kwanza kuuona. Ulipiga kelele, "Aabo, mwezi moja!" Ukimaanisha mwandamo, kwa Kiswahili chako cha darasa la pili. Nikasikia sauti ya Omari. Mwezi ngapi leo? Nilishuka, nikafungua sanduku, nikatoa daftari, nikakaa na kalenda nikirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, unajua. Tarehe kumi na mbili ile ya kwanza ilikuwa mwezi saba, maji mafu. Ile ya pili ilikuwa mwezi kumi na nane, maji ya bamvua bado yana nguvu zake. Tarehe ilikuwa moja, bahari zilikuwa mbili. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika umri wa mwezi pembeni ya kila siku, siku zote za miezi kumi na minne. Ilinichukua Ramadhani nzima.

Daftari hilo liko ndani ya begi lako. Mama yako alilitia jana asubuhi, chini ya nguo za sala. Ndilo linaloizuia zipu, nadhani.

Unaniuliza mara nyingi kwa nini sikutafuta kazi nyingine, kwa nini miaka yote hii nashuka darajani asubuhi na jioni kusoma vibao vya kipimo na kuandika namba ambazo hakuna mtu hapa mjini anayeziuliza. Nilikuwa nakujibu kwamba nafasi ilitokea. Ilitokea, ni kweli. Lakini pia ni kwamba maji hayo yanakwenda kwa Omari. Kila asubuhi naona kitakachomfikia kabla yeye hajakiona, na sina njia ya kumwambia.

Tangu ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja nami kunisomea namba kwa sauti kubwa. Siku moja ndara yako nyekundu ilichukuliwa na maji. Ulilia. Ukauliza inakwenda wapi, nikasema baharini. Ukauliza nani ataiokota. Nikasema, "Kuna mtu." Ulinitazama kama unataka kuuliza nani, kisha ukaniomba nikubebe kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa unaunguzwa na changarawe. Nilikubeba hadi nyumbani. Kuanzia kesho nitashuka peke yangu. Nimekwisha jaribu wiki hizi tatu za hasira yako, hata jana. Nilisoma namba nikaitamka kwa sauti, nikangoja, halafu nikakumbuka kuiandika.

Leo ni mwezi ishirini na tano, Shaaban. Utafika maji yakiwa bado hayajapata nguvu, hayaendi mbali, na watu wa dikoni watakuwa na muda wa kukusemesha. Siku chache baadaye Ramadhani itaandama na maji ya bamvua yatakuja nayo. Utaona maji yanaondoka hadi pasipoonekana mwisho, kisha yanarudi. Usishtuke. Na jioni hiyo utakapoinua macho kutafuta mwezi, mimi nitakuwa juu ya paa la jirani, shingo inauma, bila mtu begani.

Nilichokuambia mlangoni nakifuta. Litaje jina langu. Lile la kwenye kitambulisho halitakusaidia, hakuna anayelijua; siku ile mlangoni hofu ilinisahaulisha hilo. Uliza nyumba ya Omari wa pengo na Bi Zuhura. Atakuwa mzee sasa, kama yu hai. Kama hayupo, muulize mkewe, na kama naye hayupo, uliza walipozikwa, usimame hapo kidogo. Kama yupo, mwambie wewe ni binti wa Ngamia. Usiniombee msamaha, aabo. Huo ni wangu wa kuomba, na nitakuja kuuomba mwenyewe Idi ikipita, nikiwa bado na ujasiri huu wa leo. Wewe mwambie tu jina, kisha ukae kimya, na chochote atakachosema kisikilize. Akitukana, ni haki yake. Akicheka, utaniandikia alivyocheka.

Na kila asubuhi nikitoka mtoni nitakutumia namba. Mvua ikianza milimani, najua utakuwa unazisubiri. Siku ambayo maji mekundu yatapita chini ya daraja hili nitakupigia, nawe uwaambie wavuvi wako: yamepita Garissa leo, wekeni nyavu zenu za kuvulia kamba tayari. Yatachukua siku kadhaa kufika, mto haufuati ratiba ya mtu. Nikikupigia usinisalimie kwanza. Niulize, "Aabo, leo mwezi ngapi?" Nitakujibu sawasawa.

Karibu jua linatua. Nilipotoka msikitini leo nilipitia soko la mboga kwenye kibanda cha yule mama anayeuza samaki wa mtoni. Adeer Dubow alikuwa ng'ambo ya barabara. Alipaza sauti, "Warya! Umebotea? Bucha iko huku!" Nikainua mfuko juu ili aone mkia. Akainua kikombe chake cha chai, akanywa bila kumsema mtu. Sijawahi kuona hilo.

Nimewakaanga mwenyewe, wawili, mama yako amesimama nyuma yangu mikono kiunoni akinipa shule. Mmoja amevunjika wakati wa kumgeuza, huyo ni wangu. Ndimu nimezipanga pembeni kama ulivyozipanga wewe.

Barua hii naipitisha sasa chini ya mlango wako. Kisha nitakaa jikoni. Sitakuita, wala sitamtuma mama yako aje akuambie. Sahani ni moja, nimeiweka katikati ya mkeka, na sitagusa mpaka utoke.

Baba yako,
Ngamia